Mwanangu Halima, swali kwanza

Arua

Mwanangu Halima,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mama yako amenisomea ujumbe wako mara mbili, maana miwani yangu bado iko kwa fundi. Unauliza ukasomee uzamili wa afya ya kimataifa London, au ubaki Makerere usomee afya ya jamii.

Nitakujibu. Ila nianze na lile ambalo wewe na kaka yako mlizoea kulimalizia kabla sijafunga mdomo: swali kwanza, chuo baadaye. Anayekwenda bila swali lake hupewa la profesa, na la profesa mara nyingi ni la mfadhili.

Lifungue daftari la wagonjwa wa nje hapo kituoni kwenu Yumbe. Mwezi ambao vipimo vya malaria vimekwisha, safu ya malaria iliyothibitishwa inashuka. HMIS 105, ile fomu ya ripoti ya kila mwezi, inakwenda wilayani ifikapo tarehe 7, inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na mtu aliyeketi Kampala au Geneva anaona mstari umeteremka, anafurahi. Malaria haijapungua hata chembe. Kilichopungua ni vipimo. Au tazama chanjo ya surua, inayosoma asilimia 120. Waliochanjwa mmewahesabu mmoja mmoja, pamoja na watoto waliovuka kutoka Sudan Kusini. Lakini idadi ya watoto mnayogawia ni makadirio yaliyotokana na sensa, na watoto hao hawamo. Kwa hiyo ripoti inasema mmepita lengo, na huko mwisho wa barabara bado kuna watoto ambao sindano hawajaiona. Hayo ndiyo maswali ya uzamili, na unayakanyaga kila asubuhi ukienda kazini. Afya ya kimataifa gani tena inayoishinda kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi hapo kwenu?

Mtu akinitajia uzamili, mimi hunijia akilini Daktari Matthew Lukwiya. Najua shangazi yako Zaituni hataki jina hilo litajwe chakulani, lakini hii ni barua. Yeye alifanya kazi hospitali ya Lacor, Gulu, kwanza, ndipo akaenda Liverpool kusomea uzamili wa magonjwa ya watoto ya nchi za joto, kisha akarudi Lacor hiyo hiyo. Oktoba 2000 alikuwa Kampala, tena mwanafunzi, safari hii wa uzamili wa afya ya jamii pale Makerere. Akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akaacha darasa, akapanda Gulu, akazikalia chati za wagonjwa waliokufa karibuni hadi akapata 17 waliofanana dalili. Damu ikapelekwa Afrika Kusini, jibu likaja: Ebola, ya aina ya Sudan. Watu 425 waliugua, 224 wakafa. Yeye alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo huo.

Kila mwaka wanamsimulia kwa mavazi ya kinga na ushujaa wa wodini, na ni haki yake. Chati hawazitaji. Mimi niliyekula mshahara wa kumbukumbu za hospitali inaniuma hata leo, maana kama mhudumu wa zamu asingeandika dalili na siku zilipoanza, daktari angesoma nini? Siku dalili zilipoanza, Halima, wala si siku mgonjwa alipofikishwa. Ukichora mlipuko kwa tarehe za kufika hospitalini, unaona tu siku watu walipopata nauli. Na waliomgusa mgonjwa wanahesabiwa siku 21 tangu walipomgusa mara ya mwisho. Tarehe ikikosewa, mtu anaachiwa mapema.

Turudi London. Uzamili wa kule ni mwaka mmoja, na masomo ya darasani yakiisha, tasnifu hubakiwa na kama miezi mitatu. Ukitaka kuhoji watu Uganda, unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, kisha cha kamati ya hapa, kisha usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kisha ruhusa ya ofisa wa afya wa wilaya, na fomu za ridhaa ziwe katika Kiaringa na Kiarabu cha Juba. Kamati ikikurudishia pendekezo kwa sababu hukuonyesha ulivyokokotoa sampuli, au hukusema majina ya watu utayafungia wapi, wiki kadhaa zimekwenda. Ndiyo maana wengi huishia kuchambua takwimu zilizokwisha kukusanywa. Hakuna aibu hapo, ila hata hizo zina mwenyewe na zina kibali chake.

Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipa ada, nauli na posho. Inataka saa 2,800 za kazi, na za kujitolea zinahesabiwa, kwa hiyo tafuta barua ya ile miezi uliyojitolea Koboko. Inataka pia kozi tatu za kuchagua, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Gharama za mtoto haitoi. Na tangu Januari 2024 Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa uzamili wa darasani kumleta mwanawe, isipokuwa aliyefadhiliwa na serikali. Ujumbe wako ni mrefu, Halima, lakini jina la mwanao Rehema sikulisikia.

Sasa mama yako ananitazama kwa jicho lile. Anasema nakukatisha tamaa. Labda. Kukaa darasa moja na watu wa Peru na Bangladeshi waliokwisha kuhangaika na asilimia 120 zao, hilo Mulago, kwenye shule ya afya ya jamii ya Makerere, hulipati kirahisi. Lakini Mulago unapata miaka miwili, walimu wanaoijua HMIS kwa majina ya fomu zake, na Rehema anafikika kwa basi la usiku. Hiyo ya London nayo inasomwa kwa masafa ukiwa hapo hapo Yumbe, mtandao ukikubali. Halafu kuna Butaro, Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kisoro, wenye uzamili wa afya ya kimataifa wa mwaka mmoja. Mbona hukuitaja? Kwa kuwa haina mto Thames?

Popote uendako, usitoke kabla CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, hajakupa likizo ya masomo kwa maandishi, na nakala uniachie mimi. Wasiofanya hivyo huandikwa watoro, jina likatoka kwenye orodha ya mishahara. Marekani ilipositisha misaada Januari 2025 uliwaona wenye uzamili wa miradi wakirudisha funguo za magari. Ajira ya serikali ni ndogo, lakini usiitupe.

Kuchagua ni kwako. Nina neno langu, na mama yako analijua, lakini amenikataza kuliandika. Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Kabla ya hapo niandikie swali lako la utafiti kwa sentensi moja, isiyo na neno "kimataifa" ndani yake. Na Ijumaa mpakie Rehema na mjomba wake; mama yako ameshanunua simsim.

Baba yako