Maswali na majibu: Kipimo ni cha mwanamke aliye mzima

Tangu nigusie saratani ya mlango wa uzazi, simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali yanayorudiwa zaidi, na mawili matatu yaliyoniuma. Mkiniandikia, nipeni umri, mseme kama mmewahi kupimwa, na hali yenu ya VVU. Picha ya karatasi ya maabara iliyotumwa peke yake, bila salamu wala maelezo, siwezi kuijibu.

Assalam aleikum dada. Shule imeleta barua ya chanjo ya HPV. Binti yangu ana miaka 11. Babake amekataa, asema itamfunga kizazi na kumfungua macho mapema. Nifanyeje? (Mama, Kisauni)

Waaleikum salaam. HPV ni virusi vinavyoleta saratani hii ya mlango wa uzazi, na chanjo yake haifungi kizazi. Ndani ya chanjo hii hamna virusi hai, mna ganda la protini tu lililotengenezwa maabara, ili mwili ujifunze kumtambua adui kabla hajafika. Imeanza kutumika duniani mwaka 2006, na wasichana waliochanjwa miaka ile leo wana watoto wao. Uvumi wa kufunga kizazi tuliusikia mwaka 2014 juu ya chanjo ya pepopunda. Maneno ni yale yale, jina la chanjo ndilo lililobadilika.

Hilo la kufungua macho ndilo linalonikera. Muulize babake hivi: mtoto wake alipokuwa na wiki sita alidungwa sindano ya paja kliniki. Ndani yake mlikuwa na kinga ya homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao nao huambukizwa kwa kujamiiana. Je, alikataa? Je, ilimfungua macho? Tunachanja kati ya miaka 10 na 14 kwa sababu chanjo hukinga, haitibu. Ni lazima itangulie virusi, na mwili wa umri huo huipokea vizuri zaidi. Hata binti akitunza heshima yake mpaka siku ya nikaha, ataolewa na mwanamume ambaye wazazi hawajui alikopita.

Kenya ilianza kuitoa Oktoba 2019 kwa dozi mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema hata dozi moja yatosha kwa wasichana wengi, ila anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya moja. Katika vituo vya serikali ni bure. Scotland walipowaangalia wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, ripoti ya 2024 haikupata hata mmoja aliyepata saratani hii. Nenda na mumeo kituoni, amuulize muuguzi kwa mdomo wake. Akina baba wengi hukataa kwa sababu hakuna aliyewahi kuketi nao akawaeleza. Msiseme mwakani.

Nina miaka 29 na kiuno kinauma. Ni saratani? (Changamwe)

Kiuno huumwa kwa sababu mia. Hukusema kama umewahi kupimwa mlango wa uzazi. Kapime, kisha niandikie.

Mimi ni dereva wa lori, Miritini. Mke wangu amepimwa akakutwa na HPV. Nimetahiriwa na sina ugonjwa wowote. Basi ametoka nje? Nasema kweli, nimefikiria kumuacha.

Ndugu yangu, tulia kwanza. Karatasi ile haiwezi kukwambia virusi viliingia lini wala vilitoka kwa nani. HPV huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi sehemu za siri, na wengi wetu tulioanza kujamiiana hukutana nayo wakati fulani maishani. Kwa kawaida mwili huisafisha ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki kimya miaka mingi. Huenda mkeo aliipata kabla hujamjua. Huenda umempa wewe. Umesema huna ugonjwa, lakini kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV, na mwanamume huibeba bila kipele wala muwasho. Tohara hupunguza hatari, haiondoi. Kondomu vilevile, kwa sababu haifuniki ngozi yote.

Sasa nikwambie ambalo hukuuliza. Kuna wanawake Mombasa hii wanaokataa kupima kwa kuogopa jibu litakalowarudisha kwao na mabegi. Wakija, wanakuja damu ikitoka na harufu imejaa chumba, maji yamezidi unga. Mkeo amefanya jambo la akili: amepima akiwa mzima. Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani. Kwa mwenye kinga nzuri, virusi huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Mna muda, mkiutumia. Siku ya kurudi kliniki, mpeleke wewe.

Natumia shabu, lile jiwe la kujibana ukeni, na kujifukiza tangu niolewe. Wifi asema ndivyo vinavyoleta saratani. (Likoni)

Kinacholeta saratani hii ni HPV, na karibu wagonjwa wote hukutwa nayo. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliipata aina ya 16 kwenye uvimbe wa mlango wa uzazi mwaka 1983, na mwaka 2008 akatunzwa Nobeli. Aina ya 16 na 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Kinachosaidia virusi kukita mizizi ni VVU visivyotibiwa, sigara, kuzaa mara nyingi, na vidonge vya kupanga uzazi vikitumiwa zaidi ya miaka mitano, ingawa hatari hiyo hushuka ukiviacha.

Kufukiza nguo na nywele kwa udi, endelea, ni raha yetu. Shabu iache. Inakausha na kuchubua, na kwenye mchubuko ndipo virusi hupenya. Masomo na makungwi wanaowafunza wari kujibana kwa shabu wanawaumiza, na nitaendelea kulisema hilo wakinuna.

Nina miaka 52. Hedhi ilikoma zamani, mwezi huu nimeona damu mara mbili. Nisubiri nione?

Usisubiri. Nenda hospitali kesho asubuhi. Yawezekana si saratani, lakini damu baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe na daktari. Ni hivyo pia kwa damu baada ya tendo la ndoa, kwa umri wowote.

Naona haya. Kipimo kinafanywaje, na kinauma? (Mama wa watoto watatu, Majengo)

Vaa dera pana, chukua na leso. Utalala kitandani, magoti juu, leso imekufunika. Muuguzi ataingiza kifaa cha kufungulia uke, utahisi baridi na kubanwa, na ukilegeza mapaja kinapita vizuri. Atapaka siki nyepesi kwenye mlango wa uzazi na kungoja kama dakika moja. Penye chembe zilizobadilika hugeuka peupe. Wewe uliyezaa mara tatu, hutalia kwa hili.

Kipimo cha HPV ni rahisi zaidi. Mahali kilipo, hupewa kijiti cha pamba ukaingia chooni na kujichukulia mwenyewe, hakuna anayekuona. Una haki ya kuomba muuguzi mwanamke. Uliza dispensari iliyo karibu nawe, au hospitali za Tudor, Port Reitz na Coast General pale Makadara.

Natumia ARV miaka sita, virusi havionekani. Bado napaswa kupima?

Ndiyo, na mapema kuliko wenzako. Mwenye VVU ana hatari kama mara sita, na bila matibabu ile miaka 15 yaweza kupungua ikawa mitano. Endelea na dawa zako kama unavyofanya. Shirika la Afya Duniani lashauri uanze ukiwa na miaka 25, urudie kila miaka mitatu hadi mitano kwa kipimo cha HPV. Siku ya kuchukua ARV, waambie wakupime hapo hapo. Wasipokutajia, watajie.

Siki ilionyesha peupe, wakasema nigandishwe. Jirani amenipa mwarubaini na habasoda, asema ukiguswa na chuma ndipo saratani husambaa. Nimetumia miezi minne. (Kongowea)

Dada, miezi minne hiyo inaniuma. Peupe pale si saratani bado. Ni chembe zilizoanza kubadilika, na huu ndio wakati wa kuzimaliza. Huunguzwa kwa baridi kali, au kwa kifaa cha moto wa nyuzi 100 kwa sekunde chache, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa na kutoingiliana kama mwezi. Hakuna chuma kinachosambaza kitu. Wanaokufa "baada ya kuguswa" ni waliochelewa kama unavyochelewa wewe.

Habasoda weka kwenye mkate. Hakuna jani wala mbegu iliyothibitishwa kuondoa chembe hizi, na anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakula pesa zako na wakati wako. Rudi kituo kile kile wiki hii, na useme ukweli kuhusu miezi uliyokosa. Hawatakufukuza.

Bado sijaolewa na sijawahi kukutana na mwanamume. Nipime?

Kwa sasa huna haja. Kama hujapita umri, ulizia chanjo.

Nilichanjwa nikiwa darasa la tano. Basi nimemaliza?

Hapana. Chanjo hukinga aina zilizo hatari zaidi, si zote. Ukifika miaka 30 pima, na kama una VVU usivuke 25.