Maswali ya Wasomaji: Mwamba wa Pweza Ukifungwa, Nani Anakula?

SWALI: Assalaam alaykum, Ndugu Mhariri. Mimi ni mama wa watoto watano, mkaazi wa kusini mwa Pemba, na tangu nikiwa kigori nimekuwa nikichokoa pweza maji yanapokupwa. Kamati ya wavuvi ya shehia yetu imependekeza mwamba mmoja ufungwe kwa miezi mitatu ili pweza wakue, na wanaume wengi wameunga mkono. Sipingi bahari kupumzishwa, lakini mwamba huo ndio ninaoufikia kwa miguu, nao ndio unaonipatia kitoweo na fedha ya unga. Je, faida inayosemwa ni ya kweli? Na katika miezi hiyo watoto wangu watakula nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, mama yetu. Faida ni ya kweli, ila swali lako la pili ndilo zito zaidi, na kamati ambayo haijalipatia jibu haijawa tayari kufunga mwamba.

Tuanze na pweza mwenyewe. Huyu wa miamba yetu huishi mwaka mmoja au mmoja na nusu hivi, na katika umri huo mfupi hukua kwa kasi kubwa, hata aliyeachwa akiwa na nusu kilo anaweza kupita kilo moja kabla ya miezi mitatu kuisha. Jike hutaga mara moja tu maishani: huingia pangoni, akaziba mlango kwa mawe, akayatundika mayai yake juu kama vishada vya punje za mchele, kisha akabaki humo akiyapuliza maji na kuyasafisha bila kwenda kuwinda, na yakishaanguliwa naye hufa. Anayemchomoa jike wa namna hiyo kabla ya wakati hupata mnyama aliyekonda na kuangamiza maelfu ya mayai. Na kwa sababu ya umri huo mfupi, kufunga mwamba mwaka mzima kwa ajili ya pweza peke yake hakuna maana kubwa, kwani wengi wa waliohifadhiwa watakuwa wamekwisha kujifia humo humo majini.

Mfano uliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi katika bahari yetu ya Hindi uko kusini-magharibi mwa Madagaska, katika kijiji cha Andavadoaka, ambako Wavezo, jamii ya wavuvi wa pwani hiyo, walifunga sehemu yao ya kwanza mwaka 2004. Vijiji jirani vilifuata, na serikali ya huko ikaweka msimu wa kitaifa wa kupumzisha pweza. Watafiti waliofuatilia ufungaji 36 wa miamba ya eneo hilo, ambao kwa kawaida ulidumu miezi miwili au mitatu na kuhusu takriban sehemu moja ya tano ya maeneo ya uvuvi wa pweza ya kijiji, walilinganisha siku 30 kabla ya kufunga na siku 30 baada ya kufungua. Jumla ya pweza waliovuliwa katika miamba hiyo iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, lakini uzito wa pweza aliowapata mvuvi mmoja kwa siku uliongezeka kwa asilimia 87.

Naomba, mama, usizipite haraka takwimu hizo mbili. Tofauti kati yake ni watu. Mwamba unapofunguliwa wavuvi huwa wengi kuliko kawaida, wakiwamo ambao hawakukosa chochote ulipokuwa umefungwa, na neema iliyosubiriwa kwa miezi hugawanywa katika siku chache. Pweza kuongezeka ni jambo moja, na kuongezeka katika chungu chako ni jambo jingine, linaloamuliwa na masharti ambayo kamati itayaandika kabla ya kufunga.

Sharti la kwanza ni tarehe, na hapa ndipo nyinyi mnaovua kwa miguu mnapopunjwa bila hata mtu kukusudia. Mwamba ukifunguliwa wakati wa maji mafu, bahari haitakupwa vya kutosha, nanyi mtabaki ufukweni mkiwatazama wenye vyombo na miwani ya kuzamia wakivuna peke yao. Ukifunguliwa siku za bamvua, mwamba hukauka na kila mtu hufika kwa miguu yake. Dai tarehe ya kufungua iandikwe kwa kufuata bamvua, isiachwe kuamuliwa na nafasi ya mgeni rasmi. Aidha si kosa kuomba kwamba kupwa la kwanza liwe la wanaotembea kwa miguu, na wazamiaji waanze siku inayofuata.

Sharti la pili ni ukubwa na mahali. Kama mwamba unaopendekezwa ndio pekee unaofikiwa na wanawake, basi wanaume wameunga mkono kwa kutumia mali ya wengine, maana wao wana ngalawa za kuwapeleka kwingine. Kamati inaweza kufunga nusu ya mwamba, au kuchagua sehemu ambayo wanaume pia huitegemea, ili gharama ya kusubiri ibebwe na wote. Sehemu inayobaki wazi itakupatia pweza wadogo wa kawaida, pamoja na chaza na kombe, na hicho ndicho kitakachokuwa kitoweo cha miezi hiyo. Pasipobaki sehemu ya namna hiyo, kataa, na wala usione haya kukataa mbele ya mkutano.

Sharti la tatu ni wageni. Wavuvi wa dago wanaopiga kambi kwenu msimu hadi msimu wanapaswa kuambiwa mapema pamoja na shehia jirani, kwani mtu asiyejulishwa hawezi kulaumiwa kwa kuvuka boya ambalo hakuambiwa maana yake. Ulinzi wa usiku nao una gharama ya mafuta na ya usingizi wa watu, na kijiji kikishindwa kuilipa, anayefaidika huwa ni mwizi mwenye taa.

Kuhusu chakula chenyewe, sehemu kubwa ya pweza wazuri wa pwani yetu hununuliwa na wafanyabiashara wanaopeleka viwandani na nchi za nje. Si jambo baya, kwani fedha hununua unga, lakini siku ya kufungua mzigo huwa mwingi na bei hushuka. Ni vyema kamati ikubaliane bei na matajiri, yaani wanunuzi hao, kabla ya siku hiyo, na kila nyumba ijiwekee wake: pweza aliyepigwa vizuri, akapasuliwa na kuanikwa juani hadi akakauka, hukaa muda mrefu bila barafu, na akipikwa kwa nazi watoto hawatalalamika.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi huku Kilifi tunaona eneo la Kuruwitu limefungwa moja kwa moja na samaki wamerudi. Kwa nini wenzetu wanafunga kwa miezi mitatu tu?

JIBU: Kwa sababu ya aina ya kiumbe. Chewa na pono huhitaji miaka ili wakue na kuzaa, kwa hiyo mwamba uliofungwa miezi mitatu na kufunguliwa huwarudisha pale walipokuwa ndani ya wiki moja. Wazee na wavuvi wa Kuruwitu walitenga eneo la hekta 30 hivi wakaacha kuvua humo kabisa, na samaki wanaozidi hutoka nje ya mpaka, ambako mvuvi wa dema huwangojea kihalali. Kwa mtazamo wangu kijiji chenye miamba mingi kinafaa kuwa na vyote viwili, kipande kidogo kisichoguswa na kingine cha kufunga na kufungua, lakini chenye mwamba mmoja mwembamba kianze na pweza, kwa maana matokeo yake huonekana mapema na watu hawachoki kusubiri.

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Kilwa tumeambiwa pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi, ilhali wanunuzi wanampokea kila siku. Tufanyeje?

JIBU: Mlivyoambiwa ni sahihi. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 za Tanzania Bara zinakataza pweza wa uzito huo, na hata gramu 500 ni kiwango cha huruma, kwa sababu majike wengi hupevuka wakiwa wazito zaidi ya hapo. Tatizo lenu limo katika mizani ya mnunuzi kuliko katika mkono wa mvuvi. BMU yenu, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia uvuvi wa ufukwe wenu, ina nafasi ya kumwita tajiri na mawakala wake kikaoni, pamoja na afisa uvuvi, na kukubaliana kwamba mzigo utapimwa mmoja mmoja mbele ya mjumbe wa kamati. Wakala akiendelea kupokea wa robo kilo kwa siri, mlipelekeeni jambo hilo ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla hamjaanza kuwatoza faini vijana wenu.