Re: Tuwachangie madaktari wa wiki mbili?

Dada, umeuliza kama kanisa lenu lichangie nauli ya madaktari wa nje wanaokuja kupasua wiki mbili kisha wanaondoka. Mimi ningeanza na kufundisha wa kwetu.

Angalia hospitali mbili za misheni nchini Kenya: Tenwek kule Bomet, na Kijabe, iliyoanza 1915. Leo zote mbili zinafundisha mabingwa wa upasuaji kupitia PAACS, programu ya madaktari Wakristo iliyoanzishwa 1996. Daktari Mwafrika anakaa miaka mitano, anapasua chini ya uangalizi wa bingwa, huku akilelewa kiroho pia, kisha anabaki kutumikia Afrika. Kidonda cha mgonjwa kikioza mwezi mmoja baadaye, yeye yupo. Mgeni keshapanda ndege, na hapo ndipo panaponiuma, maana anayeteseka ni mama wa kijijini asiye na nauli ya kwenda hospitali ya rufaa.

Sisemi wageni wasije. Bingwa wa moyo au wa dawa za usingizi anayerudi kila mwaka hospitali ile ile, akafanya kazi na timu ya pale, huyo anaacha ujuzi. Mchangieni kwa moyo wote.

Ila waulizeni kwanza: nani atawafuatilia wagonjwa wao? Wameomba kibali cha baraza la madaktari la nchi? Mashine wanayoleta, vipuri na fundi watatoka wapi? Wakikosa majibu, mlipieni karo mwanafunzi wa uuguzi kwenye chuo cha hospitali ya kanisa iliyo karibu nanyi.