Kabla ya kumnyoosha misuli, pima anachokihisi: kwa mnaoanza fiziotherapia ya watoto Dodoma

Wenzangu mnaoanza kazi kwenye kliniki zetu, mtaletewa watoto wenye mtindio wa ubongo kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa hadi Mpwapwa. Macho yenu yataenda moja kwa moja kwenye misuli iliyokakamaa. Nawasihi msiishie hapo. Mtoto anaweza kushindwa kutembea vizuri pia kwa sababu ubongo wake haupati habari kamili za mguu ulipo na unakoelekea.

Habari hizo huanzia ndani ya misuli, kano na viungo, zikapanda kwa neva kupitia uti wa mgongo hadi ubongoni. Kwa watoto njiti, jeraha la ubongo mara nyingi hutokea kwenye sehemu nyeupe iliyo jirani na vyumba vya maji ya ubongo. Humo hupita nyuzi zinazoshusha amri kwa misuli, na karibu nazo zile zinazopandisha hisi. Jeraha moja, matatizo mawili; na kunyoosha misuli hakugusi hilo la pili.

Wasikilizeni sana mama na bibi. Watasema, "Huu mkono anausahau," au "Usiku akitoka kwenda chooni anaanguka." Mchana mtoto anasaidiwa na kuitazama miguu yake, giza likiingia, msaada huo haupo. Baadhi watamwita mvivu. Tafadhali neno hilo lisiingie kwenye faili lake.

Kupima kunataka utulivu. Shika kidole gumba cha mguu pande za kulia na kushoto, ukisogeze juu au chini, naye aseme kimeelekea wapi. Ukikishika juu na chini, mgandamizo wa vidole vyako utampa jibu. Mwonyeshe kwanza akiwa anaangalia: hivi ni juu, hivi ni chini. Kisha asione. Kitambaa cha kufunga macho huwatisha wengi, kwa hiyo mama ashike kanga kama pazia katikati ya uso na miguu. Kama nyumbani wanaongea Kigogo au Kirangi, mama ndiye aulize. Asiyeweza kusema aonyeshe kwa kidole au kwa macho. Majibu yakiwa mawili tu, hata anayebahatisha atapatia karibu nusu, hivyo rudieni mara nyingi bila mpangilio unaotabirika, na mkiona amechoka acheni. Akikosea kwenye kidole, pandeni kwenye kifundo, halafu goti.

Kwa mkono, mtilieni kiganjani ufunguo, kifungo, kijiko au kizibo cha soda bila yeye kuona, akitambue. Vidole visipojongea, msogezeeni nyie. Na msiufanye mkono unaoitwa mzima kuwa kipimo cha mwingine: kwa mtoto aliyeathirika upande mmoja, nao unaweza kuwa na hisi pungufu. Wadogo wa chini ya miaka 4 au 5 majibu yao hayategemeki. Hao watazameni wanavyocheza.

Baada ya hapo mtashawishika kutafuta vifaa, kama vizibao vyenye uzito. Kwa maoni yangu, fedha ya familia isiende huko. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye mazoezi ambayo mtoto anajongea mwenyewe, akifanya jambo analolitaka, mara nyingi, nyumbani kwake. Kupukuchua mahindi, kumenya karanga, kufinyanga udongo, kuinuka kwenye kigoda na kukaa tena. Aanze akiangalia, akizoea, mikono ifunikwe kanga. Kumkunja na kumkunjua mguu wakati yeye anatazama dirishani hakumfundishi mengi.

Familia iambiweni ukweli kwamba hisi yenyewe huenda isirudi yote hata utendaji ukiboreka. Njia ya chooni iwe na mwanga, na mkono usiohisi vizuri ukaguliwe kama umeungua, hasa anapokaa karibu na jiko la mkaa.

Mwisho, andikeni mlichokipata. Kwenye mafaili mengi mtakuta kiwango cha GMFCS, kuanzia 1 hadi 5, na hakuna zaidi. Kiwango hicho kinaeleza mtoto anavyojongea na kutembea. Hakisemi lolote kuhusu hisi. Ongezeni kiungo mlichopima, mlivyomzuia asione, na mara alizopatia kati ya zote, ili atakayempima baada ya miezi kadhaa awe na cha kulinganisha.