Kabla ya Baraza, Pitia Kibandani

Baraza la kwanza nililosimama kuzungumza, hapa mtaani kwetu Eastlands, Nairobi, liliisha viti vya plastiki vikiwa vimepinduka. Tulikuwa tumeitana kuhusu mtaro. Kila masika maji yaliingia vyumba vya chini vya ploti tatu, na sisi wapangaji tulishaamua mwenye makosa ni nani: wenye vibanda waliojenga juu ya mtaro. Nikasema hivyo hivyo, mbele yao, kwa sauti. Nikawaita wachafu. Mzee wa mtaa hakuwahi hata kuzungusha daftari la mahudhurio.

Siku chache baadaye nilipita jioni kwa mama mboga mmoja aliyekuwa kwenye baraza lile. Alinikatia sukuma bila neno, nyembamba kama kawaida yake, kisha akaniambia nizunguke nyuma. Palikuwa na jembe, mpini wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Kila alfajiri, kabla ya kushusha magunia, yeye huzoa matope hapo. Akainua ubao akanionyesha kilichoziba: nepi, chupa, mabaki ya chakula. "Mwanangu, mimi nauza mboga. Hizi nepi zimetoka wapi?"

Zilitoka kwetu, huko juu ghorofani. Nilirudi nyumbani na sukuma yangu nikiwa na aibu ambayo sijaisahau.

Tangu hapo siingii kikaoni kabla sijaongea na yule ninayejua atanipinga. Simwendei ili nimshinde. Namwendea anieleze anachokiona akiwa upande wake, na namwacha amalize. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu, nisikilize kwa hilo. Mtu aliyeaibishwa mbele ya majirani hatakubali kitu hadharani, hata kama moyoni anajua una haki. Yule yule, ukimkuta kibandani au mlangoni kwake, mtaelewana kwa nusu saa.

Baraza la pili tulikwenda na ombi moja, wapangaji na wenye vibanda kwa pamoja: vibao vya juu ya mtaro viwe vya kuinuliwa, ploti ziwe na mapipa, na ukarabati wa mtaro uingie kwenye mipango ya wadi. Kulikuwa na kelele, lakini zilikuwa kelele za watu wanaojadili kitu kimoja.

Na hapa niseme wazi. Nairobi mjadala wa mtaro unaweza kugeuka wa makabila kwa sentensi moja. Mtu akianza na "nyinyi watu wa…", mwenye kuongoza kikao amkatize hapo hapo, kwa heshima, arudishe maneno kwenye mtaro. Wengi wetu tunakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, katika mitaa hii. Usione haya kumkatiza mzee, na usingoje apigiwe makofi kwanza.

Kuhusu serikali ya kaunti, jifunze kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio ya bajeti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Ukilalamika Mei, umechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kufikia Septemba 1, kwa hiyo ombi la mtaro lianze kuzungushwa mapema, watu wakiwa bado wanakumbuka mafuriko ya masika.

Katiba ya 2010 inaweka ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa, lakini mkutano wa kwetu wa maoni uliitwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Saa hiyo wa mjengo yuko mjengo na mama mboga hana wa kumwachia kibanda. Tulichofanya ni kukutana Jumapili baada ya kanisa, tukaandika maoni kwa Kiswahili, kila mtu akaweka sahihi yake, na wawili wenye nafasi wakayapeleka. Maoni ya maandishi yana uzito. Dai nakala yako ipigwe muhuri, na uitunze.

Ukinyimwa habari, usitukane karani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya kupata habari (Access to Information Act) inamtaka ofisa akujibu ndani ya siku 21. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Uliza kitu chenye jibu: mtaro huu umetengewa pesa ngapi mwaka huu, na kandarasi amepewa nani? Swali la "mbona mnatuibia?" humpa mtu nafasi ya kukasirika na kuondoka. Swali la shilingi ngapi linamfanya afungue faili.

Vijana mnaosoma hapa, najua mmechoka kuambiwa mtulie. Siwaambii mtulie. Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na ni haki yenu kweli. Ninachowaomba ni mje pia Jumapili, mkae karibu na wazee, mwandike kumbukumbu za kikao, kwa sababu mnaandika haraka kuliko sisi.

Mtaro wetu bado haujakarabatiwa. Vibao vinainuka, mapipa yako kwenye ploti mbili kati ya tatu, na mwenye ile ya tatu nitamwendea Jumamosi jioni, nyumbani kwake, peke yangu.