Kuipeleka Familia Nzima Arusha kwa Siku Moja

Wengi wetu tunaoishi Moshi tunaijua Arusha kwa shughuli. Tunakwenda kufuata bidhaa za jumla, usaili wa kazi, kesi au vipimo vya hospitali, kisha tunarudi tukiwa tumeona stendi na foleni tu. Kwa hiyo siku mtu anapoamua kuwapeleka watoto na wazazi wake kulitembelea jiji hilo kwa starehe, huipanga kama anavyopanga safari ya manunuzi: huandika kila mahali alipowahi kuhadithiwa, kuanzia makumbusho hadi mbuga, na kutaka vyote viishe kabla ya jua kuzama. Nimesafiri na familia yangu mara kadhaa kwa nia hiyo ya kutembea tu, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba orodha isianze na mahali bali ianze na watu. Tazama ni nani katika msafara wenu atakayechoka kabla ya wengine, kisha ipange siku nzima kwa kufuata miguu yake.

Kwetu mtu huyo si mmoja. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayapatani na ngazi, hutembea vizuri asubuhi na huhitaji kiti kuanzia mchana. Mtoto wetu wa mwisho ana nguvu za kukimbia kila mahali, lakini saa nane ikifika hulala popote alipo na lazima abebwe. Kaka yake aliye sekondari hachoki mwili, ila huchoshwa upesi na mambo, na uso wake ukishanuna huambukiza gari zima. Ukishayajua haya ya nyumbani kwako, utaona kwamba siku moja inabeba sehemu tatu, au nne zikiwa zimekaribiana. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye kreta ya Ngurdoto na maziwa ya Momella, iondoe kabisa katika mpango huu, hata kama mtaiona njia yake mnapopita Usa River na watoto wataanza kulia wakitaka twiga. Hifadhi inastahili siku yake, tena malipo ya getini hayapokelewi kwa fedha taslimu, jambo ambalo lina maandalizi yake.

Ondokeni mapema. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita takriban 80, lakini asikudanganye mtu kwamba ni saa moja. Barabara inapita katikati ya vituo vingi, Boma Ng'ombe, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, na kila penye makazi kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa na mara nyingi askari mwenye tochi ya kupima mwendo. Hesabu saa mbili na ushukuru zikipungua. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi mnapata faida mbili: mnafika jiji likiwa ndiyo kwanza linafungua milango, na mnaiona milima kabla mawingu hayajaifunika. Kaeni upande wa kulia wa gari wakati wa kwenda, kwa sababu Kilimanjaro na Meru zote ziko kaskazini mwa barabara hiyo. Watoto wa Moshi wameizoea Kilimanjaro hata hawainui macho, lakini Meru, yenye urefu unaozidi mita 4,500, ikiwatokea karibu namna ile baada ya Maji ya Chai huwanyamazisha hata wale waliokuwa wakigombania dirisha.

Kwa wanaotumia usafiri wa umma, basi dogo la Costa linatosha, mradi mjipatie viti vyenu wote na msikubali kuambiwa kwamba mtoto mkubwa atapakatwa. Mwenye gari lake naye aliegeshe mahali pamoja penye mlinzi na alisahau hadi mchana, kwa sababu sehemu za kati ya jiji zinatembeleka kwa miguu kwa raha kuliko kuzunguka mkitafuta maegesho.

Mzunguko ninaoupenda unaanzia kwenye mnara wa Azimio la Arusha, ule wenye mwenge, usio mbali na stendi na uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Karibu yake pana Makumbusho ya Azimio la Arusha, katika jengo ambalo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutania mwishoni mwa Januari 1967, kabla Azimio lenyewe halijatangazwa tarehe 5 Februari. Ni makumbusho madogo, yenye picha nyingi na maelezo ya historia ya nchi, na nusu saa inatosha kabisa. Huu udogo wake ndio unaonifanya niyaweke mwanzoni. Zaidi ya hapo, ni mahali ambapo mzee wa familia anageuka kuwa mwalimu. Mama mkwe wangu alikuwa binti wakati mabenki yanataifishwa, na alichowasimulia wajukuu wake mbele ya zile picha, kuhusu foleni za sukari na maduka ya ushirika, hakikuandikwa ukutani wala kwenye kitabu chao cha darasani. Nashauri, kwa hiyo, kwamba siku moja kabla ya safari umkumbushe bibi au babu kwamba mtapita hapo, ili aje na habari zake kichwani.

Kutoka hapo shikeni Barabara ya Makongoro kuelekea mashariki. Si mbali, na hata mtembee kwa mwendo wa bibi mtafika Boma la Wajerumani bila mtu kulalamika. Ngome hiyo ilimalizika kujengwa mwaka 1900, na leo ndani yake mna Makumbusho ya Elimu Viumbe. Hapa ndipo ninapowashauri watu watumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote asubuhi hiyo. Upo upande unaoeleza Arusha chini ya utawala wa Wajerumani, upo wa wadudu na wanyama, lakini uzito uko katika habari za chimbuko la binadamu, ambazo kwa sehemu kubwa zilifukuliwa katika mkoa huu huu: fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus lililopatikana Oldupai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, ambazo wataalamu wanazikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 3.6. Mtoto mdogo hatajali milioni. Mwambie tu kwamba kuna watu waliopita juu ya majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, majivu yakakauka, na hatua zao bado zipo. Wa kwangu alitoka nje akawa anakanyaga vumbi la uani na kugeuka kutazama nyuma, na hatukuhitaji mchezo mwingine kwa muda mrefu.

Maelezo ukutani yanachosha kusoma, na kijana wa sekondari atayapita kama anayekimbizwa. Dawa yake ni kuomba mwongozaji pale pale mapokezini. Mkiwa familia, gharama mnagawana, na kijana anayebishana na baba yake nyumbani husikiliza kwa adabu akielezwa na mtu baki. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo kuliko mgeni, hivyo watu wazima wasiache vitambulisho vya taifa nyumbani.

Ukitoka Boma, umevuka tu na kuona majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, yenye mabawa matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa kwa ajili ya makao makuu ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ambayo ilivunjika mwaka 1977. Baadaye ikawa humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimoendesha kesi zake hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Hakuna cha kuingia kutazama bila miadi, na wadogo hawatapoteza kitu mkipita. Kwa kijana mkubwa, hata hivyo, kusimama dakika chache nje na kuelezwa kilichosikilizwa ndani kuna maana. Jambo moja la tahadhari: kunapokuwa na mkutano wa wakuu wa nchi au mkutano mkubwa wowote hapo, barabara za jirani hufungwa kupisha misafara, na mpango wenu wa saa huharibika bila kosa la mtu. Sikilizeni taarifa za habari za wiki hiyo kabla hamjachagua siku.

Barabara ya Boma inawashusha hadi Mnara wa Saa. Wenyeji hupenda kusema kwamba hapo ndipo katikati ya Cairo na Cape Town. Jibu linategemea unapima kwa njia ipi, lakini kwa picha ya familia madai hayo yanatosha. Piga picha, shikeni watoto mikono kwa sababu magari kwenye kipilefti kile hayana huruma, na msikawie. Wachuuzi wa michoro na bangili watawafuata kidogo. Ukijibu kwa salamu nzuri ya Kiswahili na kusema mmetoka Moshi tu, mara nyingi wao wenyewe hucheka na kuwaachia njia. Hapo pia ndipo mnapokubaliana mahali pa kukutania iwapo mtu atapotea, na mtoto mdogo awe na namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi mfukoni, kwani simu yako ikiwa na chaji haimsaidii yeye asiyeikumbuka namba.

Kula mapema. Saa sita kamili, kabla ya wafanyakazi wa maofisi kutoka, mnapata meza, mnapata choo kisicho na foleni, na chakula cha bibi hakicheleweshwi, jambo ambalo kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu si la anasa. Mimi huchagua mgahawa wa kawaida wenye wali, ndizi, maharage na kuku, nikiwaachia vijana chipsi zao. Nyama choma ya Kwa Mrombo ina sifa yake, lakini ni mbali na katikati ya jiji na mnasubiri iive. Ni mlo wa watu wazima wasio na haraka.

Mchana ndipo panapohitaji uamuzi, na hapa nina msimamo: chagueni kimoja. Magharibi, kwenye barabara ya kwenda Dodoma, kuna Kituo cha Utamaduni, Cultural Heritage, chenye jengo la sanaa lililochorwa kwa maumbo ya ngoma, ngao na mkuki. Ndani yake mnapanda kwa njia ya mteremko inayozunguka badala ya ngazi, kwa hiyo mama mkwe alipanda hadi juu akitazama vinyago vya Kimakonde na michoro ya Tingatinga kwa nafasi yake. Kuingia ni bure. Kumbukeni tu kwamba pia ni duka la bei ya watalii. Mikono ya watoto iwe mgongoni. Mashariki, kwenye njia ya kurudi nyumbani, kuna Ziwa Duluti pale Tengeru, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, lenye njia ya miguu, mitumbwi, tumbili na kenge wanaoota jua.

Mvua ikiwa imetanda, au mkiwa na mzee asiyeweza njia yenye mizizi, nendeni Cultural Heritage. Siku nyingine zote mimi naliona Duluti kuwa bora, kwa sababu watoto waliokuwa wakiambiwa "usiguse" tangu asubuhi wanapata mahali pa kugusa, bibi anakaa kivulini akitazama maji, na aliyelala saa nane anatandikiwa kanga na kuendelea na usingizi wake. Mzazi mmoja abaki na macho ziwani muda wote, kwani kingo zake si za kuchezea. Wapenda historia waulize pia njia ya makaburi ya Wapolandi, maelfu ya wakimbizi waliohifadhiwa Tengeru wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sehemu hiyo ni tulivu na haifai kwa watoto wanaotaka kukimbia.

Kuhusu fedha, tenganisha nauli ya kurudi na uifunge mbali kabla hamjatoka nyumbani. Kila mtoto apewe kiasi kidogo chake mwenyewe asubuhi, akijua hakitaongezwa. Kelele za "ninunulie" hupungua sana anapokuwa yeye ndiye mwenye kuhesabu. Beba maji, noti ndogo za choo na sweta. Sisi wa Moshi tunaishi chini, na Arusha iko kwenye mita takriban 1,400, hivyo mwezi wa Juni na Julai baridi yake asubuhi inauma kweli. Epukeni wiki ya Krismasi, ambapo nusu ya nchi inapanda Uchagani na viti havipatikani upande wowote, na mkumbuke kwamba Jumamosi ni siku ya soko la Tengeru: parachichi na ndizi ni bei nzuri, lakini mwendo wa magari pale ni wa konokono.

Wanaorudi kwa Costa kutoka Duluti waondoke ziwani saa kumi. Magari ya Moshi yanapofika Tengeru huwa yameshajaa tangu stendi, na konda atakuambia kuna nafasi wakati anamaanisha ya kusimama. Mkiwa na mzee, ni afadhali mpande daladala mrudi stendi ya Arusha kwanza, mlipie viti vyenu vyote, bibi awekwe dirishani, safari hii upande wa kushoto.