Kabla ya kuchora mandhari, kaa na kunguru wa Savrasov

Wanaoanza kuchora mandhari huniuliza waende wapi: mlimani, ziwani, au wasubiri machweo? Mimi huwaambia watafute kwanza "Kunguru Wamerudi", picha ya mchoraji Mrusi Aleksei Savrasov ya mwaka 1871, waitazame bila haraka. Haina kitu ambacho mtalii angesimama kukipiga picha. Miti michache ya betula, myembamba na imepinda, matawi yamejaa viota. Theluji imeshachafuka. Kulia kuna dimbwi. Nyuma uzio wa mbao, mapaa na kanisa la kijiji cha Molvitino, mkoani Kostroma, kisha mashamba tambarare mpaka macho yanapoishia.

Sasa shuka chini kushoto. Yupo kunguru mmoja juu ya theluji, ana kijiti mdomoni. Huyo ndiye ninayeanza naye kila mara. Ndege hawa huhama baridi inapokaza na kurudi inapolegea, basi kijiti kile kinatosha: wameanza kujenga. Savrasov hakuhitaji mtu anayetoa machozi wala jua la kupendeza.

Ukiweza, inakili kwa rangi za maji, na chupa ya nyeupe uiache kabatini. Nimeinakili mara kadhaa, na kinachonisumbua daima ni theluji: kivulini ina buluu, kwenye mashina inaelekea kahawia, karibu na maji ni kijivu kizito. Jua lenyewe halionekani. Unalijua kwa vivuli hafifu vya miti. Ukipaka nyeupe tupu umechora kadi ya Krismasi.

Picha hii ilionyeshwa mwaka huohuo St. Petersburg, katika maonyesho ya kwanza ya Peredvizhniki, wachoraji waliokuwa wakizungusha kazi zao mji hadi mji. Ivan Kramskoi, mmoja wao, aliandika kwamba kwa wengine kuna miti, maji, hata hewa, lakini roho imo kwa hawa kunguru tu. Kati ya hao wengine alikuwamo Shishkin, fundi hasa wa kuchora misitu! Nadhani Kramskoi alimwonea kidogo, ila namwelewa. Shishkin anakuonyesha kila sindano ya msonobari; Savrasov anakuacha usikie hali ya hewa. Pavel Tretyakov, mkusanyaji wa picha, aliinunua, na hadi leo iko kwenye jumba lake la sanaa huko Moscow.

Ukishaizoea, nenda kwa mwanafunzi wake, Isaac Levitan, kwenye "Machi" ya mwaka 1895. Theluji inayeyuka, farasi na sleji yake, gari la kuteleza kwenye theluji, wamesimama mbele ya nyumba, mlango uko wazi, mtu hayupo. Ziba mlango huo kwa kidole gumba, tazama, kisha uuachie. Fanya hivyo pia kwa farasi. Halafu chukua picha yako mwenyewe uijaribu vilevile: sehemu ambayo ukiiziba hakuna kinachopungua, ifute.